Shokapu Laini za Selika Nyekundu

Saa mbili asubuhi mpelelezi Gatesi alimuuliza Ntawukuriryayo swali lile lile kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne mlinzi huyo akajibu kwa adabu.

"Geti lilikuwa limefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa, afande."

"Na kufuli halikuvunjwa."

"Haikuvunjwa."

"Funguo ziko kwako na kwa mzee. Jumapili mzee alikuwa Kigali, kwenye harusi. Gari lilitoka mchana, watu wakitoka kanisani, na hakuna aliyemtambua dereva. Nani alifungua?"

"Pale, afande, mi sina neno."

Ntawukuriryayo alikuwa mtu wa Bugeshi, umri wa miaka arobaini hivi, na alikuwa amelinda nyumba ya mzee Rutagengwa kwa miaka sita. Alikaa wima kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Gatesi alikuwa amehoji waongo wengi katika kazi yake ya miaka kumi na minne, na wengi wao walimwaga maneno kama maji ya mfereji uliopasuka. Huyu alijibu kila swali kwa ukweli mpaka alipofika mahali pamoja tu, kisha akafunga mdomo.

"Unajua leo saa kumi na moja jioni faili lako linakwenda kwa mwendesha mashtaka?"

"Najua."

"Una watoto?"

"Batatu."

"Na bado huna neno."

"Jumamosi iko karibu, afande."

"Jumamosi kuna nini?"

Mlinzi akatazama mikono yake. "Mi sina neno."

Ilikuwa Alhamisi. Gatesi aliandika *Jumamosi* kwenye daftari lake, akaipigia mstari, akatoka.

Mkuu wake, Mbonigaba, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Amewafungulia wezi," alisema. "Wamempa kitu, basi. Unatafuta nini zaidi?"

"Gari."

"Una mpaka saa kumi na moja."

*

Nyumba ya Rutagengwa ilikuwa kwenye mteremko juu ya ziwa, kwenye njia ya mawe iliyoshuka mpaka lami. Mzee mwenyewe alimsubiri getini, suruali imepigwa pasi kama anakwenda kuapishwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alirudi nchini kutoka Karagwe mwaka 1996 na mbao za malori mawili, mke, binti mmoja aitwaye Denyse, na Toyota Selika nyekundu ya mwaka 1984 yenye usukani kulia, kama magari yote ya Tanzania. Katika Rubavu nzima hapakuwa na nyingine.

"Karibu, afande. Amesema?"

"Bado."

Gatesi, naye mzaliwa wa Karagwe, alisalimiana naye vizuri, kisha akaenda moja kwa moja bandani. Alichuchumaa. Sakafu ya saruji ilikuwa safi, isipokuwa madoa matatu ya mafuta: mawili mbele, moja nyuma kushoto. Aligusa la mbele kwa kidole, akanusa.

"Injini ilikuwa inavuja?"

"Hata tone! Injini ile naihudumia mwenyewe."

"Kweli, mafuta haya si ya injini. Ni mepesi, hayana weusi. Na hayapo katikati, yapo pale magurudumu yaliposimama."

Mzee akakohoa. "Ni shokapu. Zimekufa mwaka wa pili sasa. Ukipita jiwe, gari linaruka, halafu linaendelea kuruka peke yake."

"Kwa hali hiyo lingefika wapi?"

"Si mbali. Tairi zinagonga bodi."

Gatesi alisimama akajifuta kidole. "Basi aliyelichukua ana kazi moja kabla ya zote. Atafute shokapu. Na za gari la miaka arobaini hazikai dukani zikimsubiri. Lazima aulize, lazima aagize. Muuza vipuri atamkumbuka."

Rutagengwa alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye matumaini.

"Nani alilitaka gari hili?"

"Jack. Mfanyabiashara, amekulia Uganda. Ananunua magari ya zamani na kuyauza Kigali. Tulikuwa tumekubaliana nimuuzie mwisho wa mwezi. Jumamosi iliyopita alikuja kulitazama tena."

"Na humu nani anaishi?"

"Mimi, mlinzi, na mke wangu, Mukamazimpaka. Yeye yuko Kanzenze kwa dada yake, wanavuna viazi." Mzee alishusha sauti. "Afande, nakuomba usimpigie. Hajui. Ananipigia kila jioni, namwambia kila kitu kipo."

"Kwa nini humwambii?"

"Gari hili ndilo lililomleta nyumbani. Nitaanzia wapi?"

*

Duka la vipuri la Muhamadi lilikuwa hatua chache kutoka sokoni, giza ndani, mikanda ya feni imening'inia kama nyoka waliokaushwa. Muhamadi alikuwa mtu mnene mwenye kofia nyeupe, na hakuna gurudumu lililovuka kutoka Goma bila yeye kulijua.

"Amortisere ya Selika, ile ya usukani wa kuume?" Alipiga makofi. "Afande, miaka kumi hakuna mutu alishauliza. Sasa mu mwezi moja, batu babili!"

"Wa kwanza nani?"

"Jack. Alitaka zile za gesi, ngumu. Aliuliza bei, akaenda, hakurudi."

"Na wa pili?"

"Wa pili alilipa. Ngoja, nikuonyeshe kwanza, juu wewe uelewe."

Aliweka shokapu tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, inang'aa. Aliibana mpaka fimbo yake ikazama, akaiachia, nayo ikajisukuma juu yenyewe. "Hii njo ya gesi. Ya mbio. Inashika barabara muzuri, lakini kila kajiwe utakasikia mu meno." Ya pili ilikuwa kuukuu, imetoka kwenye gari lililochinjwa Goma. Ilizama kwa kidole kimoja na fimbo ikabaki na unyevu. "Hii ni maiti. Batu banainunua juu ni rahisi." Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina urembo. Aliibana kwa mikono miwili. Ikashuka polepole, kwa upole, ikabaki pale pale. "Ya mafuta. Kama ile ya kiwanda. Hailete mbio, lakini ukipita mu mashimo, mutoto mugongoni haamuke. Ule mutu alichagua hii."

"Alikuwa nani?"

"Fundi moja, anakuyaka na moto, pikipiki yake. Jina, mi sijue. Lakini hakuchagua yeye. Alikuya na karatasi, akasema ni mambo ya mukubwa wake." Akachomoa karatasi kwenye msumari. "Mi situpake karatasi."

Gatesi aliisoma karibu na mlango.

*Naomba shokapu nne za Toyota Selika ya mwaka 1984. Ziwe za mafuta, zisiwe za gesi. Urefu uwe ule ule wa kiwandani. Ngumu usinipe hata ukinipa bure. Naomba na raba zake. Asante.*

"Shokapu," alisema Gatesi.

Muhamadi akacheka. "Njo na mi nilicheka! Hapa tunasema amortisere. Shokapu ni ya bale batu ba Tanzania, kama wewe."

Gatesi alifungua mkoba akatoa maelezo ya malalamiko ya Rutagengwa, aliyoyaandika mzee mwenyewe Jumatatu. Aliweka karatasi mbili sambamba. Herufi za mzee zilikuwa kubwa, zimelalia upande kama miti iliyopigwa na upepo. Hizi nyingine zilikuwa za duara, zimesimama sawasawa juu ya mstari, kila nukta mahali pake. Mzee hakujiibia gari lake.

"Karatasi hii ililetwa lini?"

"Wiki tatu. Niliagiza Kampala. Zikafika Jumatatu, akachukua."

"Wiki tatu," Gatesi alirudia. Gari lilitoka Jumapili. Kwa hiyo mwizi aliagiza shokapu kabla ya kuiba. Alijua zimekufa, alijua mwaka wa gari, alijua mpaka raba. "Amerudi tena?"

"Juzi. Raba za nyuma zilikuwa ndogo, nikamubadilishia. Alizirudisha mu kafuko haka."

Ulikuwa mfuko wa mbegu za viazi uliokatwa nusu, wenye muhuri wa ushirika wa wakulima. Mstari wa chini, nusu umefutika, ulisomeka: Kanzenze.

*

Jack alipatikana ufukweni, chini ya mwavuli wa mgahawa, mbele yake visamaki vya sambaza vya kukaanga. Hakukimbia wala hakushangaa. Alitoa pasipoti kabla hajaombwa.

"Jumapili nilikuwa Kampala, afande. Tazama muhuri. Nimerudi Jumanne, nikasikia gari langu limeibwa."

"Si lako bado."

"Lilikuwa langu moyoni."

Mihuri ilikuwa sawa. Gatesi aliketi. "Uliuliza shokapu kwa Muhamadi."

"Niliuliza. Nilitaka za gesi, ngumu, nilishushe gari inchi mbili, ling'ang'anie barabara kama mjusi ukutani."

"Kuna mtu ameliagizia laini. Za mafuta, za urefu wa kiwandani."

Jack aliacha kutafuna. "Laini? Kwenye gari la spoti? Hizo ni za kubebea mayai!"

"Nani anabeba mayai kwenye Selika?"

"Siyo mwizi. Mwizi anauza vipande vipande. Siyo dereva wa mbio. Siyo mimi." Alifikiri, akaonekana kufurahia mchezo. "Ni mtu anayeogopa kitu kisivunjike njiani."

"Mzee alikuambia kwa nini anauza?"

"Alisema mgongo."

"Mgongo wake?"

"Alisema mgongo tu. Mimi nilikuwa natazama gari, sikuuliza."

Gatesi alisogea kando, akampigia Rutagengwa.

"Mzee, unauza gari kwa sababu ya mgongo. Mgongo wa nani?"

"Wa mke wangu. Kila Jumapili tulikuwa tunazunguka ziwani, mimi na yeye. Sasa tukirudi analala siku mbili. Halalamiki. Nikaona nikiuza, hatalazimika kunikatalia."

"Kabla hamjarudi nchini alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mwalimu. Darasa la kwanza, miaka ishirini. Wote walioandika vizuri pale kijijini walifundishwa na yeye."

"Atarudi lini kutoka Kanzenze?"

"Jumamosi."

Gatesi alifunga daftari. "Vaa viatu, mzee. Nakuja kukuchukua. Na usimpigie mtu yeyote."

*

Walifika Kanzenze saa nane na nusu na pikapu ya kazi. Anga lilikuwa jeupe safi na milima ya volkeno ilionekana mpaka kileleni. Mashamba ya viazi yalikuwa yamefukuliwa nusu, na kando ya barabara, nyuma ya ukuta wa mawe meusi, kulikuwa na uwanja wa fundi mmoja aitwaye Niyonshuti. Pikipiki yake iliegemea ukuta. Katikati ya uwanja, magurudumu yote manne yakiwa chini, ilisimama Selika nyekundu, imeoshwa.

Pembeni, kwenye kigoda chenye mto, alikaa mwanamke aliyeingia uzeeni, miwani puani, akimsimamia fundi kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kaza na ile ya kushoto. Nimekuona, hukuimalizia."

"Niliimaliza, mama."

"Kaza tena."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Mukamazimpaka aliinua macho, akamwona mumewe.

"Baba Denyse! Nani amekuambia?"

"Ameniambia nini?" Rutagengwa alikuwa amesimama kama amegongwa. "Gari langu limeibwa!"

"Na nani?"

"Ndiyo nauliza!"

"Gari si hili hapa?"

Mzee alizunguka gari zima, akarudi alipoanzia. "Jana jioni ulinipigia. Uliniambia viazi vinaendelea vizuri."

"Vinaendelea vizuri. Na wewe uliniambia gari lipo bandani, umelifunika."

Niyonshuti akainama chini ya boneti kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Ulikuwa unaliuza," Mukamazimpaka alisema, taratibu sasa. "Nilikusikia dirishani ukimwambia yule Jack, alipokuja mara ya kwanza. Kwa sababu ya mgongo wangu, na mwenye mgongo hukumuuliza. Nikaenda kwa daktari nikamuuliza mimi. Akasema mgongo huu ni wa uzee, tembea, kaa vizuri, usirushwerushwe. Nikajiuliza, ninarushwa na nini? Si na gari. Ninarushwa na shokapu ambazo kila mwezi unasema utabadilisha mwezi ujao."

"Ungeniambia."

"Ungesema mwezi ujao."

Mzee alichungulia kiti cha dereva. "Na nani aliliendesha mpaka huku?"

"Mimi. Polepole, kama ninabeba sufuria ya maziwa. Nilikuwa na leseni kabla hujanioa, umesahau?"

Gatesi alisubiri mpaka hapo. "Mama," alisema, "pole kwa kuwakatiza. Ntawukuriryayo yuko mahabusu tangu Jumatatu."

Mukamazimpaka aliondoka kwenye kigoda haraka kuliko mtu mwenye mgongo mbaya. "Kwa nini?"

"Amekataa kusema nani alifunguliwa geti."

"Mungu wangu." Alishika kichwa. "Nilimwambia asimwambie mzee. Hata mzee mwenyewe akimuuliza, asiseme, mpaka nirudi Jumamosi. Lakini sikumwambia afungwe!"

"Hukumwambia pia kuwa akifungwa aseme."

Rutagengwa aligeuka akatazama mashamba. Yeye ndiye aliyesema kituoni, mbele ya watu, kwamba mlinzi wake ameuza uaminifu wake. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Saa tisa kasoro dakika tano. Faili linaondoka saa kumi na moja."

"Fundi, umemaliza?"

"Ilibaki kujaribu, muzee." Niyonshuti aliegemea pembe ya mbele ya gari kwa uzito wake wote, akaliachia. Gari lilishuka, likapanda mara moja, likatulia. Kisha akaokota shokapu moja ya zamani iliyolowa mafuta, akaizamisha kwa kidole gumba. "Hii njo ilikuwa inabeba mama. Ni bomba tupu."

Rutagengwa alibonyeza pembe ya mbele mwenyewe. Chini, juu, kimya. Akaenda ya pili. Akaenda ya nyuma, zote mbili. Kwenye ya nne alijaribu kuficha uso wake kwa mkewe, akashindwa.

"Laini," alisema.

"Niliandika hivyo," alijibu Mukamazimpaka, akaenda kukaa kiti cha abiria.

*

Gatesi aliwafuata na pikapu. Aliona jinsi Selika ilivyoanza kwa woga, kisha kwenye lami ikanyoosha, na kwenye kona za kuteremkia mjini haikulala upande hata mara moja. Saa kumi na dakika ishirini walikuwa mbele ya kituo.

Kazi ya karatasi ilichukua dakika thelathini. Mukamazimpaka aliandika maelezo yake kwa herufi zile za duara, akasahihisha na neno moja ambalo Mbonigaba alikuwa ameliandika vibaya. Gatesi aliuliza juu ya ndoa, kwa sababu sheria ilitaka iulizwe. Mali ya pamoja, walijibu wote wawili. Basi hapakuwa na wizi. Rutagengwa aliondoa malalamiko na kutia sahihi mara tatu.

"Naomba nimtoe mwenyewe," alisema.

Ntawukuriryayo alisimama mlango ulipofunguliwa. Alimtazama mzee, kisha mama nyuma yake, na uso wake ukajaa mashaka.

"Mama, leo haiko Jumamosi."

"Najua. Nimekosa mimi. Umenitunzia neno langu, na mimi sikukutunza wewe."

Rutagengwa alivua kofia. Hakuwa mtu wa kuomba radhi, na maneno yalimtoka moja moja. "Nilisema mbele ya watu kwamba wewe ni mwizi. Mbele ya watu hao hao nasema nilikosea. Nisamehe, Ntawukuriryayo."

Askari wawili waliokuwa kaunta waliacha kuandika.

"Imeisha, muzee."

"Unataka nini? Sema chochote."

"Siku mbili tu, niende Bugeshi. Bibi yangu alisikia niko humu mu kasho, nimefungwa. Na batoto banasikia majirani."

"Siku mbili ni zako, na wiki ukitaka. Lakini huendi peke yako. Nakupeleka sasa hivi, nimwambie mkeo mimi mwenyewe, na majirani wakiwepo."

"Ile barabara ya Bugeshi, muzee? Na voiture ile?"

"Na gari lile lile."

Mlinzi alijikunja kwenye kiti kidogo cha nyuma, magoti yakimfika kidevuni, akicheka peke yake. Mukamazimpaka alikaa mbele, mto aliotoka nao Kanzenze ameuacha juu ya benchi la kituo. Gatesi aliuona, akataka kuita, akaghairi. Mbele ya lango kulikuwa na tuta refu ambalo pikapu ya kazi ililipita kila siku kwa kishindo cha kumwaga chai. Selika ililipanda, ikalishuka. Kichwa cha mama hakikutikisika.

Mbonigaba alitoka mlangoni na faili mkononi, akitazama vumbi likielekea milimani. Saa yake ilionyesha kumi na moja kasoro dakika tatu.

"Kwa hiyo gari limepatikana."

"Limepatikana."

"Na mwizi?"

"Huyo anakwenda, afande," Gatesi alisema. "Amekaa mbele, karibu na mlalamikaji."